Mtoto wa tairi, na mzazi asiyeonekana

Leo sitaandika juu ya mahindi wala bei ya mbolea. Nataka tuongee juu ya filamu moja fupi, kwa sababu namna tunavyoisifu hapa kwetu mimi naona inatupatia ruhusa mbaya.

Filamu inaitwa La roue, ya mwaka 2021. Aliyeitengeneza ni Francis Alÿs, Mbelgiji aliyezaliwa Antwerp mwaka 1959, ambaye anaishi Mexico tangu miaka ya 1980. Kuanzia mwaka 1999 anazunguka dunia na kamera akichukua michezo ya watoto. Ya kwanza ilikuwa kule Mexico: mtoto anapiga chupa kwa mguu, anaipandisha kwenye njia ya mteremko, chupa inarudi chini, anaipiga tena. La roue ni namba 29, na ilichukuliwa hapa hapa kwetu Lubumbashi. Mwaka 2022 Alÿs akapewa jumba la Ubelgiji kwenye Biennale ya Venice, akaonyesha humo michezo hiyo, na Kongo ilikuwa na nafasi kubwa: La roue, lakini pia Nzango, Kisolo, na Imbu, ambamo watoto wanaita mbu kwa sauti zao ili wawapige. Asiyeiona bado aende kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe, filamu zote ziko pale bure, haziombi hata franka moja. Zinaomba tu mega za telefone, na mega njo shida yetu, najua.

Kinachotokea ni kidogo sana. Mtoto mwanaume anasukuma tairi la gari kupanda mlima wa mabaki ya mgodi. Mlima ni mkali, udongo unateleza, mtoto anakaza. Akifika juu anajikunja ndani ya tairi kama konokono ndani ya nyumba yake, halafu anajiachilia. Tairi linashuka naye, linazunguka, linaruka mawe, na sisi tunaotazama tunashika kiti kwa mikono mbili. Ni hayo tu. Hakuna maneno ya kutufasiria, hakuna muziki wa kutuliza machozi.

Ni filamu nzuri. Nalisema mapema ili mtu asidhani nimekuja kuitukana. Uzuri wake uko katika heshima. Tumezoea kuona watoto wa Katanga katika picha za nje wakiwa na mfuko wa mawe kichwani, macho mekundu, na chini yake maandishi juu ya kobalti na simu za watu wa Ulaya. Picha hizo si za uongo, lakini zinamchukua mtoto kama ushahidi wa kesi. Alÿs hamwombi mtoto ashuhudie kitu. Anamwacha afanye kazi yake, yaani kucheza, na anaitazama kazi hiyo kwa uangalifu uleule ambao mwingine angempa fundi saa. Mtoto ametengeneza chombo, amechagua mlima, amehesabu hatari. Sisi tuliosoma fizikia tukaitapika siku ya mtihani, yeye anaijua kwa mgongo wake.

Shida yangu inaanza baada ya filamu kwisha, katika maneno tunayosema. Nimeonyesha filamu hii kwa watu wengi, wanachama wengine wamo, na karibu kila mara nasikia neno moja: “Unaona? Batoto ba kwetu banajua kucheza beko peke yao.” Linasemwa kwa majivuno. Wazungu wananunua michezo ya plastiki, wanalipa watu wa kuwachezesha watoto wao, sisi watoto wetu wanachukua tairi bovu na wanafika mpaka Venice. Halafu aliyesema anarudi kwenye telefone yake, na mtoto wake mwenyewe wa miaka minne amekaa pembeni ndani ya nyumba anatazama katuni ya tatu tangu mchana.

Tuseme kweli: mtoto huyo wa miaka minne si mtoto wa tairi. Hawezi kupanda mlima ule, hata lupango hawezi kutoka peke yake. Yule wa kwenye filamu amekua, ana miguu, ana wenzake. Aliufikia mlima kwa sababu kabla yake kulikuwa na mtu aliyemshika mkono, pengine yaya yake, pengine mtoto wa jirani, akamwonyesha namna ya kusukuma kwanza tairi dogo kwenye balabala. Mchezo hauoti kama majani ya porini. Unapandwa, na mpandaji ni mtu aliyekuwa na muda. Filamu inatuonyesha mavuno. Sisi tunapiga makofi kwa mavuno na tunasahau kuuliza mbegu ilitoka wapi.

Katika mji wetu wapandaji wamepungua pande zote mbili. Kwenye mitaa mipya, kule ambako kila mtu anajenga, ukuta wa lupango unapanda mita tatu kabla nyumba haijapata dirisha. Mtoto anakua ndani ya ukuta. Ana baiskeli nzuri na hana pa kuipeleka. Kule Katuba au Kenya watoto wako nje, ndiyo, lakini njia waliyochezea wazazi wao leo imejaa motokari na pikipiki za taxi, na viwanja vilivyokuwa wazi vimeuzwa kimoja kimoja, vingine kwa karatasi ambazo hakuna anayejua zilitoka ofisi gani. Wa kwanza amefungiwa, wa pili ameachiliwa. Wote wawili wanaweza kumaliza juma zima bila mtu mzima kuinama mbele yao na kusema: leo tunacheza nini?

Mimi si mwanahistoria, lakini mtu asome Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université de Lubumbashi. Mwaka 2001 alitoa kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, Bana Shaba abandonnés par leur père. Watoto wa shaba walioachwa na baba yao: kichwa peke yake kinatosha kumnyima mtu usingizi. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwaweka wafanyakazi na wake zao na watoto ndani ya kambi. Kampuni ikatoa nyumba, posho, shule, dispansari, kiwanja cha mpira. Ikajifanya baba wa wote. Papa wa nyumba alitoka na sirene asubuhi na kurudi na sirene, na mambo ya mtoto yalikuwa na ofisi yake. Gécamines ikarithi desturi ile. Halafu miaka ya 1990 kila kitu kikaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi kama elfu 10 wakaondoka kwa kile kilichoitwa kwenda kwa hiari. Baba mkubwa akafa, na baba mdogo, yule wa nyumbani, alikuwa hajawahi kufundishwa kazi hii. Hatukurithi kiburi tu cha kuwa watu wa Lubumbashi. Tulirithi pia wazo kwamba kumchezesha mtoto ni kazi ya mtu mwingine: ya kampuni, ya masista, ya yaya mkubwa, sasa ya telefone. Njo maana nasema filamu ile inamwonyesha mtu ambaye hayumo ndani yake. Mzazi hana kazi yoyote katika La roue, na sisi hatukushangaa. Hakuna hata mmoja kati ya wale niliowaonyesha aliyeuliza: papa yake iko wapi?

Msanii hana kosa juu ya hilo. Yeye alichagua kuchukua watoto, na watoto wakicheza vizuri huwa wanawafukuza wakubwa. Lakini kuna jambo lingine ambalo kamera yake haiwezi kuonyesha, na hapa naongea kama mtu wa udongo.

Mtazamaji wa Venice anaona mlima wa kijivu unaopendeza. Mimi naona mabaki ya madini yasiyofunikwa na kitu, na vumbi. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, akiwemo Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha uchunguzi wa mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kobalti waliyoikuta kwa wale wanaoishi karibu na migodi na viwanda ilikuwa ya juu kuliko ile iliyowahi kuandikwa popote duniani kwa watu wa kawaida, yaani watu ambao si wafanyakazi wa kiwanda. Na watoto walikuwa nayo nyingi kuliko wakubwa. Sababu si ngumu kufikiri. Mtoto yuko karibu na udongo, anagusa kila kitu, anatia vidole mdomoni, na kwa uzito wake anakula vumbi nyingi kuliko wewe.

Wengine wakisikia hivi wanafunga mlango: basi, mtoto abaki ndani. Hapana! Vumbi linaingia ndani pia, linakaa kwenye kapeti na kwenye dirisha. Na mtoto aliyefungiwa analipa deni lingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji dakika 180 za kutembea na kuchezacheza kila siku, na 60 kati yake ziwe za kutoka jasho kidogo, na mbele ya skrini asizidi saa moja. Saa tatu kwa siku! Niliposoma mara ya kwanza nilicheka, nikafikiri watu wa Geneva hawajui foleni ya njia ya Kasapa. Halafu nikahesabu tena. Saa tatu hizo si lazima ziwe zote na mzazi, wala hazihitaji franka. Zinahitaji mahali.

Kuchagua mahali, hapo agronomia inasaidia kuliko ukuta. Udongo wa Lubumbashi hauko sawa kila upande. Upepo wa kiangazi kwetu unatoka zaidi kusini-mashariki, na kwa miaka mingi moshi wa kiwanda cha shaba ulienda na upepo ule, ukaanguka kaskazini-magharibi ya kiwanda. Penga Penga iko ndani ya kivuli kile. Pale kuna sehemu ambazo majani yalikataa kabisa kuota, kwa sababu shaba katika udongo ilizidi. Watafiti wa kitivo cha agronomia, kati yao Mylor Shutcha, walijaribu kuifunika tena kwa majani ya asili ya Katanga, wakatia chokaa na mboji ili metali zisinyonywe haraka. Matokeo waliyatoa mwaka 2010. Jani dogo moja, Rendlia altera, lilivumilia vizuri sana. Hilo jani halina sura: fupi, gumu, la kupitwa bila kutazamwa. Lakini mahali lilipokamata, upepo hauinui tena vumbi kama mbele, na mtoto anayepita pale anavuta hewa nyingine. Mimi ningependa siku moja filamu juu ya jani lile. Najua, haitafika Venice.

Basi kama wewe ni mzazi na unatafuta mahali pa kucheza, usitazame kwanza uzuri. Tazama majani. Mvua zetu zinaanza kushika mwezi wa 11. Kufika mwezi wa 1 kila udongo wenye afya umefunikwa na kitu, hata kama ni magugu. Kiwanja ambacho mpaka Januari bado kiko kitupu, na hakuna watu wala magari wanaokikanyaga kila siku, kina neno la kukuambia. Ukiona hapo paka ua moja dogo la zambarau limesimama katikati ya utupu, pengine ni Haumaniastrum katangense, ua la shaba, ambalo watafuta madini walilifuata tangu zamani. Zuri kwa picha, baya kwa mtoto kukaa chini. Penda mahali penye majani mafupi yanayotambaa, chini ya mwembe. Wakati wa kiangazi mwagia maji kidogo mbele ya mlango kabla mtoto hajatoka. Mkono unaoshwa kwa sabuni kabla ya bukari, si baada tu. Ni mambo madogo, lakini hakuna hata moja ambalo mtoto wa miaka minne anaweza kujifanyia. Hapo njo mzazi anarudi ndani ya picha.

Sasa najua swali linalokuja, maana nimeshaulizwa: mzazi akiingia, hataharibu mchezo? Swali ni zuri. Nimeona ba papa wanaofika kiwanjani na kugeuka mara moja kuwa walimu wa kalasi: shika hivi, usikimbie, utachafua nguo, mwenzako anakushinda. Mtoto anachoka kabla ya dakika tano. Kama uchaguzi ni kati ya mzazi wa namna hiyo na tairi, mimi napiga kura kwa tairi. Lakini kuna njia nyingine, nayo ni kukubali kuwa mchezaji mbaya. Tazama Nzango, ile filamu nyingine ya Alÿs, halafu jaribu mwenyewe. Wawili wanatazamana, wanapiga makofi, wanaruka, mwishoni kila mmoja anatupa mguu mbele, na pointi inategemea miguu gani imekutana. Ni mchezo ambao wasichana wetu wanaujua kama jina lao, na ambao leo una mashindano yake na shirikisho lake. Mimi na binti yangu tunaucheza mangaribi, kabla jua halijaanguka, yaani kabla ya saa 12 au kupita kidogo. Yeye bado hajui kuhesabu pointi vizuri, mimi sijui kuruka vizuri, kwa hiyo tuko sawa. Majirani walicheka siku mbili. Siku ya tatu mama mmoja akavua viatu.

Na kwa ndugu zetu wanaofanya kazi Fungurume au Kolwezi, wiki nyingi kambini na siku chache nyumbani, sina la kuwapima nalo. Mmoja aliniambia: “Nikifika nyumbani mutoto ananiogopa, sasa nitacheza naye nini?” Nilimjibu asianze na mpira wala zawadi. Atoke naye nje asubuhi, akae chini kwenye majani, achukue waya wa zamani na aanze kutengeneza kamyo kama zile alizotengeneza alipokuwa mdogo, bila kumwita mtoto. Mtoto akiona baba anahangaika na waya, atakuja mwenyewe kushika upande mwingine. Ndugu yule ni fundi umeme, waya hazikosi. Aliniandikia baadaye kwamba kamyo ilikatika magurudumu siku ileile, na kwamba wanaitengeneza tena.

Wanachama walioko Kasapa wanajua majani yako wapi karibu na kitivo. Jumamosi kuanzia saa 9 mchana tutakuwa pale, watu watano au sita na watoto wetu. Hakuna hotuba wala T-shirt ya chama. Mwenye kamba alete kamba. Mwenye tairi alete, tutatafuta mteremko mdogo wenye majani.